Mlango wa Kushoto wa Datsun

Kila asubuhi, chai ikishanywewa, Bibi Nthenya alitoka na mkoba wake, akaketi kwenye kiti cha plastiki barazani na kuangalia geti. Alikuwa amevaa koti na viatu vya kanisani. Ukimsalimia aliitikia vizuri, akakuuliza habari za watoto, kisha akakueleza kwamba hana muda wa kukaa sana, kwa sababu Kisilu amepeleka pojo sokoni Tala na akirudi tu na gari wanaondoka kwenda kwao Masii. Majirani wa mtaa wa Jamhuri walishamzoea.

"Bado hajafika, susu?" walimuuliza wakipita, wakimwita bibi kwa Kikamba.

"Yuko njiani," aliwajibu.

Kisilu, mumewe, alikuwa amezikwa Masii zamani, na Nthenya mwenyewe alisimama pale akatupa udongo. Lakini akili ilikuwa imeanza kumtoka, na daktari alisema huo ugonjwa wa kusahau hauna dawa, mpeni tu amani. Kavutha, bintiye, hapo mwanzo alikuwa anamwambia ukweli. "Mama, Baba alishatuacha." Na kila alipoambiwa, mama alilia upya, kilio kile kile cha siku ya kwanza, halafu kesho yake akavaa viatu na kuuliza tena. Mwishowe Kavutha akasema basi, imetosha, yeye hawezi kumzika baba yake kila Jumatatu. Tangu hapo naye akawa anajibu kama majirani. Yuko njiani.

Na la kushangaza ni kwamba gari lenyewe halikuwa Tala wala njiani. Lilikuwa hapo hapo, nyuma ya nyumba, chini ya mabati, na Kitavi, mume wa Kavutha, alikuwa amelala chali chini yake na spana mkononi.

Wanaume wengine wakistaafu hufuga kuku. Wengine huanza kwenda mikutano ya wazee wa kanisa na kusumbua pasta. Kitavi, aliyemaliza utumishi wake katika ofisi za serikali mjini, yeye alishikwa na magari ya zamani, na ugonjwa huo ukishamshika mtu wa kawaida asiye na pesa za mchezo, jamani, nyumba nzima inaugua. Shemeji yake Kimanzi, kaka yake Kavutha, ndiye aliyempa Datsun ile ya mzee Kisilu, baada ya kuchoka kuona kuku wa Masii wakitagia kwenye viti. Ililetwa kwa lori ikapitishwa geti la nyuma, haina magurudumu, na Kavutha alisema mama asiione ikiwa imekufa hivyo. Magoti ya mama hayakumruhusu kuvuka baraza, kwa hiyo siri haikuwa ngumu kutunza.

Kavutha alikuwa na ombi moja tu. Mama alikataa kupanda gari lingine lolote. Walijaribu teksi, wakajaribu gari la Mwende, binti yao. Alishika nguzo ya baraza akapiga kelele kwamba Kisilu akija asipomkuta atamfikiria nini. Sasa Kavutha alitaka mama aione Masii mara moja zaidi, aone kanisa, aone jiko lake, wakati bado anajua jina la Masii.

"Baba Mwende, mimi siombi iwe nzuri," alimwambia mumewe. "Naomba itembee."

Na siku moja, kwa kweli, ikatembea. Injini ilikohoa, ikatoa moshi uliowafunga majirani ndani, kisha ikatulia ikanguruma. Kavutha alitoka jikoni na unga mikononi, akamkumbatia mumewe hapo hapo akamchafua shati. Gari lilikuwa bado na rangi ya kijani ambayo mzee Kisilu alilipaka kwa brashi, na michirizi yake yote. Juu kulikuwa na keria ya chuma iliyounganishwa na mhunzi wa Masii, ya kubebea magunia. Kiti cha dereva kilikuwa na tundu lililochomwa na tumbaku, na mlango wa kushoto ulikuwa haufunguki kwa ndani.

"Jumamosi tumpeleke," Kavutha alisema.

"Jumamosi nyingine," Kitavi alijibu. "Jumapili hii kwanza niipeleke mjini, wenzangu waione."

* * *

Wenzake, kama ni wenzake, walikuwa wenye magari ya zamani waliokutana Jumapili moja moja katika maegesho ya ofisi katikati ya jiji, wakati benki zimefungwa na wachuuzi hawajapanga vitu. Kitavi aliingia taratibu, dirisha wazi, kofia kichwani, akaegesha kati ya Mercedes nyeupe na Volkswagen iliyong'aa kama sufuria ya sherehe.

Mwenye Mercedes alikuwa Haron, bwana wa Lavington, mtaa wa wenye pesa, mtu mpole wa sauti ya chini. Watu kama hao ndio hukata vibaya zaidi. Alizunguka Datsun mara moja, mikono nyuma.

"Mzee, pole, lakini hii mlipaka na brashi? Ile ya kupaka geti?"

Watu walicheka. Hawakucheka sana, lakini walicheka.

"Ni mzee wetu aliipaka," Kitavi alisema.

"Na hii keria? Mlikuwa mnabeba mbuzi?"

"Pojo."

"Haya." Haron alitabasamu, akamgusa bega. "Usikasirike, mzee wangu. Nakuambia kwa uzuri. Gari ikihifadhiwa inarudi vile ilitoka kiwandani. Kila kitu orijino. Hii yako saa hii ni gari imezeeka tu."

Kitavi angeweza kulimeza hilo. Alishameza makubwa zaidi ofisini. Lakini baadaye msichana mwenye kamera aliwapanga wote wapigwe picha, akamjia yeye kwa adabu nyingi. "Mzee, samahani, unaweza kurudisha yako nyuma kidogo? Inaingia kwa picha."

Aliirudisha nyuma. Akakaa ndani yake, kofia magotini, mpaka picha zikaisha. Jioni hiyo, kabla hata hajabadilisha nguo za kutokea, alipanda kwenye kigoda akaanza kufungua nati za keria.

* * *

"Unafanya nini?" Kavutha aliuliza.

"Naitengeneza."

"Si inatembea? Jumamosi si tunaenda?"

"Mama Mwende, nimpeleke mama yako na gari ya kuchekwa?"

"Nani atacheka Masii? Masii wanaijua hiyo gari kuliko wewe!"

"Nataka iwe kitu cha heshima. Orijino. Hata yeye atafurahi. Ataiona vile ilivyokuwa mpya."

"Hakuwahi kuiona mpya," Kavutha alisema. "Baba aliinunua kwa daktari wa misheni ikiwa imechoka. Kama unataka kujua ilivyokuwa, ndani kuna mtu amepanda hiyo gari maisha yake. Muulize."

Kitavi alimwangalia mkewe kana kwamba amemtukana. "Mimi? Niketi na mama yako tupige hadithi?"

Hapo Kavutha alinyamaza, kwa sababu yeye pia ni Mkamba na alijua anachoomba. Mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Nthoni, ndivyo wanavyoiita, na si aibu tu, ni heshima yenye mipaka kama shamba. Tangu aoe, Kitavi alimsalimia Nthenya kwa mbali, macho chini, kofia mkononi. Chakula hawakula meza moja. Bibi alipohamia kwao, Kitavi alianza kutumia mlango wa jikoni ndani ya nyumba yake mwenyewe ili asipite barazani. Alijua namba ya rangi ya kiwandani ya Datsun ya mwaka ule. Alijua bolti za kofia za magurudumu zilikuwa za aina gani. Lakini mambo ya gari hilo ambayo hayakuandikwa kwenye kitabu chochote yalikuwa yameketi barazani kwake na mkoba mapajani, na katika hesabu yake yote hayakumjia hata mara moja.

Alitafuta picha kwenye simu. Alimpigia Haron, ndiyo, Haron yule yule, akamuuliza rangi. "Ya maziwa," Haron alimwambia. "Maziwa yenye rangi ya mtama kidogo, sio nyeupe." Na Kitavi akashukuru.

* * *

Keria aliipeleka Ngara pamoja na viti vya zamani. Huko kulikuwa na Waithaka, muuza vipuri, duka lake refu na jembamba kama kifuko cha miwani, taa za magari zikining'inia hadi mlangoni. Waithaka alikuwa na taa za mbele za Datsun na utepe wake wa kromu, vitu vya kiwandani kabisa, na kwenye bei hakuwa na mchezo.

"Hii ya kijani nichukue kama chuma tu, mzee," alisema akiipima keria kwa mguu. "Viti vina sponji, vitauzwa. Unaniongeza na kitu kidogo, tunasikizana."

Hicho kitu kidogo kilitoka kwenye pesa za safari ya Masii. Kitavi alimwambia Kavutha atazirudisha. Kavutha alikuwa anakunja nguo za mama yake, na alizikunja vizuri sana, kama mtu anayejizuia kutupa kitu.

Rangi ya kijani haikutaka kutoka. Alipaka dawa ya kuichubua, ikavimba kama ngozi iliyoungua. Akaikwangua, akapiga msasa, na chini yake akakuta kijani kingine, na chini ya hicho kingine. Mzee Kisilu alikuwa akilipaka gari upya kila rangi ya madirisha ya kanisa ilipobaki. Kavutha alipotoka kuanika nguo alikuta sakafu yote ya nyuma imejaa magamba ya kijani. Aliokota moja, akaligeuza, akalitupa.

Mlango wa kushoto ulimtesa Kitavi kuliko vyote. Kitasa cha ndani kilikuwa kimekatika fimbo tangu zamani. Alihangaika nao mpaka fundi mmoja wa Ngara akamchongea fimbo mpya. Siku ulipofunguka kwa ndani, kwa kidole kimoja tu, tak, Kitavi aliufungua na kuufunga mara nyingi akicheka peke yake. Acheni niseme ukweli: alikuwa na furaha, na hakuwa mtu mbaya. Alidhani anampa mama mkwe wake zawadi ambayo adabu ilimkataza kumpa kwa mdomo.

Lakini wakati haukusimama kumngoja apige msasa. Mvua ya vuli ilipita. Nthenya alianza kumwita Kavutha kwa jina la dada yake aliyekufa utotoni. Siku nyingine alisahau jina la Masii, akasema tu "kule". Jambo moja hakusahau: viatu, mkoba, kiti, geti.

"Ungempeleka ile Jumamosi," Kavutha alisema usiku mmoja wakiwa mezani.

"Imebaki rangi ya mwisho."

"Nimesema tu."

* * *

Rangi ya mwisho ilipokauka, Jumapili moja Kitavi alizungusha gari kwa barabara ya mbele, akaingia geti kubwa akipiga honi. Datsun ilikuwa ya maziwa ya mtama, kromu inawaka jua, viti vipya vikinukia. Majirani walisimama kwenye ua. Mtu alipiga makofi. Hata Haron angeiacha iingie kwenye picha.

Bibi Nthenya aliposikia honi aliinuka kwa haraka iliyomshangaza bintiye. Uso wake wote ulifunguka. Halafu aliangalia gari, akaangalia nyuma yake, akalingoja lipite ili aone linalofuata.

"Mama, twende," Kavutha alimshika mkono. "Gari imekuja."

"Nzuri," mama alisema. "Ya nani?"

"Yetu, Mama. Ya Baba."

Nthenya alicheka, kile kicheko cha kumstahi mtu anayekutania. Lakini alikuwa mwanamke wa adabu, na kwa kuwa walisisitiza, alikubali kukaa kidogo. Kitavi alikuwa amesimama kando, macho chini, kofia mkononi. Kavutha alimweka mama kiti cha mbele, upande wa kushoto, akafunga mlango. Nthenya alikaa na mkoba mapajani. Aligusa kiti, akanusa vidole. Kisha akakaa tu, akingoja, akiangalia mbele, kwa muda mrefu kidogo.

"Mama, unangoja nini?" Kavutha aliuliza dirishani.

"Nangoja azunguke."

"Nani?"

"Kisilu. Si lazima azunguke anifungulie? Huu wa kwetu haufunguki kwa ndani." Akasema huku akivuta kitasa, kuwaonyesha. Tak. Mlango ukafunguka.

Nthenya alitoa mkono haraka. Aliutazama mlango ule ulio wazi, kisha akamgeukia Kitavi, akamwangalia usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu amwoze binti yake, lakini sasa kwake huyu alikuwa fundi tu, si mkwe.

"Wewe fundi. Ni wewe umeutengeneza?"

Kitavi alijikuta anajibu. "Ndiyo, Mama."

"Na keria uliitoa?"

"Ndiyo."

"Na rangi ya kanisa?"

Kitavi aligeuza kofia mikononi. Nthenya alikuwa anaangalia sasa mambo madogo: ufa wa kwenye usukani ambao Kitavi alisahau kuubadilisha, kovu kwenye dashibodi mahali ambapo sindano ya kushonea magunia ilipita. Alipitisha kidole juu ya kovu lile, akalirudia.

"Ni hii," alisema. "Kavutha, ni hii kweli." Lilikuwa jina lake kweli, ambalo mama hakuwa amelitamka kwa miezi mingi. "Na Kisilu alimruhusu huyu aiguse?"

Jirani mmoja alianza kurudi nyuma taratibu.

"Hawezi, akiwa hai. Hata mimi hakuniruhusu kufuta vumbi." Nthenya aliutoa mkoba mapajani, akauweka chini, kwenye zulia jipya. "Basi mlimzika lini?"

Kavutha alipiga magoti pale kwenye kokoto, na gauni lake la kanisa, akamwambia. Alimwambia mwaka, na mahali, na wimbo ulioimbwa. Alikuwa ameapa hatarudia tena kumwambia. Mama hakupiga kelele safari hii. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakishika mkononi, akasema, "Nami nimekuwa nikimngojea tu."

* * *

Sisi majirani tulidhani atasahau. Kila mtu Jamhuri alidhani hivyo. Kesho yake kiti cha plastiki kilikaa kitupu barazani, na kesho kutwa yake pia. Maneno alikuwa akiyasahau, lakini alichokigusa kwa kidole chake hakikutoka. Alishinda kitandani ameelekea ukutani. Viatu vya kanisani alimpa Kavutha, akasema havimtoshi tena.

Kavutha hakumgombeza mumewe, na afadhali angemgombeza. Alisema mara moja tu, akiosha vyombo. "Alikuwa anangoja, Baba Mwende. Kungoja kulikuwa kunamweka hai."

Kitavi alirudi Ngara. "Ile keria ya kijani," alimwambia Waithaka.

"Mzee, ile ilienda kuyeyushwa zamani. Kwani ilikuwa na nini?"

"Na viti?"

"Viti!" Waithaka alicheka, halafu akamwona uso, akaacha. Alimletea kigoda. Kitavi hakuketi.

Akarudi nyumbani akatafuta magamba ya rangi nyuma ya nyumba, apeleke hata moja dukani wamchanganyie kijani kile. Mvua ilishayafagia. Kikabaki kitu kimoja ambacho angeweza kukirudisha. Alifungua paneli ya mlango wa kushoto, akaitoa ile fimbo aliyoisumbukia, akafunga tena. Alijaribu kitasa cha ndani. Kililegea bila kushika chochote, kama zamani. Safari hii yeye ndiye atakayezunguka. Nthoni au hapana, atazunguka, atamfungulia.

Walimpeleka Masii mwezi uliofuata. Aliingia kwenye Datsun bila kubishana. Sasa angepanda gari lolote, yote yalikuwa sawa kwake, na hilo ndilo lililomuumiza Kavutha kuliko kilio. Alikaa mbele, upande wa kushoto. Walipofika Masii, kanisa lilikuwa kando ya barabara na madirisha yake ya kijani, michirizi ile ile, na Kitavi alipunguza mwendo bila kujua anapunguza.

Walisimama bomani. Kaburi lilionekana kutoka hapo. Kitavi alizima injini, akashuka haraka, akazunguka mbele ya gari kama kijana anayekwenda kujitambulisha kwa wakwe.

Lakini Nthenya hakumngoja mtu. Alishajua kuna mlango unaofunguka. Ndicho kitu kipya pekee alichojifunza katika mwaka mzima huo. Kitavi alimwona kupitia kioo akivuta kitasa. Akavuta tena. Akakiangalia, akavuta kwa mikono miwili, na mlango haukufunguka.

Kitavi alimfungulia kwa nje. Mama mkwe wake alimwangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtu aliyejaribu kazi isiyo yake.

"Fundi," alisema, "si ulikuwa umetengeneza? Ulikuwa mzima. Uliuharibia nini tena?"

Kavutha alikuja akamshika mama yake mkono, wakaelekea kaburini wawili. Kitavi alibaki ameshika mlango, macho chini, kwa sababu ndivyo mkwe anavyosimama.